Saratani ya mapafu iliyosambaa: la kufanya tangu siku unayoambiwa

Kaka yangu alitoka chumba cha daktari akiwa ameshika bahasha kubwa ya picha na neno moja kichwani: nne. Hatua ya nne. Akakaa kwenye benchi la korido, akaniambia, "Mdogo wangu, twende nyumbani nikapange mambo yangu." Aliishi miaka mitatu na miezi minne baada ya siku ile, na sehemu kubwa ya muda huo aliishi kweli: alifanya kazi, aligombana na mimi, alimsindikiza bintiye shule. Lakini wiki sita za mwanzo zilitupotea kwa sababu hatukujua la kuuliza. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wiki sita za mtu mwingine, na kwa yale yanayofuata. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakusaidia kuzungumza naye.

1. Fahamu "hatua ya nne" inasema nini

Inasema ugonjwa uko wapi. Seli zimetoka kwenye pafu zilikoanzia, zikaingia pafu la pili au majimaji yanayozunguka pafu au moyo, au zimefika mbali zaidi: kwenye ubongo, mifupa, ini, au tezi zinazokaa juu ya figo. Haisemi seli zako ni za aina gani wala zitasikia dawa ipi. Ndiyo maana watu wawili wenye hatua ileile wanaweza kuwa na safari zisizofanana hata kidogo.

Kwa kawaida, saratani iliyofika hapa haiondolewi yote. Lengo la tiba ni kuirudisha nyuma, kuizuia isisonge, na kuufanya muda unaopatikana uwe wa kuishi. Tena, saratani ya mapafu iliyohamia mfupani haigeuki kuwa saratani ya mifupa. Bado ni ya mapafu, na inatibiwa kwa dawa za mapafu. Ndugu wengi huchanganyikiwa hapa, wakaamini mgonjwa amepata saratani tatu.

Ukitajiwa muda, kwa mfano "miezi kumi na miwili", uliza ni kipimo gani. Mara nyingi ni namba ya katikati: nusu ya wagonjwa waliishi chini ya hapo, nusu wakapita. Waliopita hawakuishia kesho yake, wengine walikwenda miaka. Isitoshe, namba hizo zinatokana na watu walioanza kutibiwa miaka kadhaa iliyopita, wengi wao kabla dawa za sasa hazijatoka.

2. Dai jina kamili la saratani yako

Ukifuata jambo moja tu katika mwongozo huu, basi liwe hili.

Saratani ya mapafu ina makundi mawili makubwa. Kati ya wagonjwa 100, karibu 15 wana ile ya seli ndogo, ambayo hukua mbio na kwa kawaida inahitaji tibakemia, ambayo wengi huita kemo, ianze ndani ya siku chache. Karibu 85 waliobaki wana ile isiyo ya seli ndogo, na ndani yake kuna adenokasinoma (inayoanzia kwenye seli za kutoa ute), skwamasi (inayoanzia kwenye seli bapa za njia za hewa) na nyinginezo. Kwa hawa, hasa wenye adenokasinoma, kazi haijaisha kwa kutaja aina. Inabidi seli za kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe zichunguzwe jeni zake.

Mwaka 2004 watafiti waligundua kwamba baadhi ya uvimbe wa mapafu unaendeshwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo EGFR. Mwaka 2007 wanasayansi wa Japani wakaeleza nyingine, ya ALK. Zikafuata ROS1, BRAF, MET, RET, NTRK, HER2 na KRAS. Kila moja ya hizi ni kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa, na kwa nyingi kuna vidonge vilivyotengenezwa kuizima swichi hiyohiyo. Katika utafiti mmoja mkubwa wa wagonjwa wenye hitilafu ya EGFR walioanza na osimertinib, kimojawapo cha vidonge hivyo, namba ya katikati ya kuishi ilikuwa miezi 38.6. Kwa wenye hitilafu ya ALK waliopewa kidonge cha lorlatinib, baada ya miaka 5 wagonjwa 60 kati ya 100 ugonjwa wao ulikuwa bado haujasonga mbele. Nakumbuka nilisoma habari kama hizi usiku, nikarudia mstari uleule mara tatu, maana sisi tulikuwa tumeshaambiwa tuhesabu miezi.

Kipimo kingine ni cha protini iitwayo PD-L1, ambacho hutoa majibu kwa asilimia. Ikiwa 50 au zaidi, na hakuna hitilafu ya EGFR wala ALK, tiba ya kinga inaweza kutumika peke yake bila kemo. Hizi ni dawa zinazouondolea mfumo wa kinga breki ili uione saratani. Kati ya wagonjwa wa namna hiyo walioanza na pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo, karibu 32 kwa kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa walioanza na kemo ilikuwa karibu nusu ya hapo.

Kwa hiyo, mbele ya daktari sema hivi, kwa maneno haya hasa: "Ni ya seli ndogo au la? Nyama iliyotolewa imetosha kupima jeni? Ni jeni zipi zimepimwa na zipi bado? PD-L1 yangu ni asilimia ngapi? Naomba nakala ya ripoti." Swali la pili ndilo lililotuumiza sisi. Kinyama alichokatwa kaka yangu mara ya kwanza kilikuwa kidogo mno, maabara wakaandika hivyo kwenye karatasi, na karatasi ikalala kwenye faili. Tulikaa wiki nne tukisubiri majibu ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyatafuta. Piga simu baada ya wiki moja, piga tena. Na nyama ikiwa haitoshi, uliza kama wanaweza kutafuta vipande vya jeni za saratani kwenye damu. Kwa wengi jibu hupatikana hapo bila kuchomwa tena kifuani.

Usiruhusu haraka ikuharibie mpangilio. Mtu akianza tiba ya kinga kabla ya majibu ya jeni, kisha ikaonekana ana EGFR, kuhamia osimertinib muda mfupi baadaye kunaongeza hatari ya mapafu kuvimba vibaya. Hali ikiwa haingoji, muulize daktari kama inafaa kuanza na kemo peke yake huku majibu yakisubiriwa.

Dawa hizi ni ghali na hazipatikani kila mahali, silifichi hilo. Hata hivyo jua jina la hitilafu yako. Bila jina huwezi kuomba msaada wa dawa, huwezi kuulizia utafiti unaosajili wagonjwa, huwezi hata kujua kama ipo dawa jeneriki, yaani dawa ileile inayotengenezwa na kampuni nyingine.

Neno kuhusu sigara. Watu wataanza kwa kukuuliza, "Ulikuwa unavuta?" Huna deni la jibu. Wako wengi wanaopata ugonjwa huu bila kuvuta hata mara moja, na aliyevuta naye anastahili tiba ileile na upole uleule. Ila kama bado unavuta, kuacha leo kuna faida: kidonda hupona vizuri zaidi, pumzi hutulia, na baadhi ya dawa, kama erlotinib (kidonge cha EGFR), hupungua kwenye damu ya anayevuta. Omba msaada wa kuacha kama unavyoomba dawa nyingine yoyote.

3. Waite watu wa tiba shufaa mapema

Wengi wakisikia tiba shufaa husikia mauti. Mimi pia nilikataa miezi mitano, na ninajuta. Kazi yao ni kupunguza maumivu, kukosa pumzi, kichefuchefu, hofu na kukosa usingizi, na wanaifanya sambamba na matibabu ya saratani.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata tiba ya kawaida, nusu wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Walioongezewa walikuwa na unafuu zaidi wa maisha na sononi kidogo. Wakaishi pia muda mrefu zaidi: miezi 11.6 dhidi ya 8.9, ingawa walipewa tiba kali chache kuelekea mwisho. Omba rufaa hiyo ukiwa bado unatembea kwa miguu yako.

4. Nunua daftari

Ukurasa wa kwanza: jina kamili la saratani, dawa zote na vipimo vyake, mzio, namba ya simu ya kliniki ya mchana na ya usiku. Kurasa zinazofuata: tarehe, uzito, joto la mwili, umeamkaje. Ukienda kumwona daktari, andika maswali matatu tu, la muhimu zaidi likiwa juu, maana muda huisha. Nenda na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuandika. Mgonjwa mwenyewe huacha kusikia pale anapotajiwa neno la kutisha.

Andika humo pia chochote unachomeza ambacho hakikuandikwa hospitali: mitishamba, virutubisho, dawa za tumbo. Dawa za kupunguza asidi huzuia vidonge vya EGFR kama gefitinib na erlotinib visiingie mwilini inavyopaswa, na baadhi ya mitishamba huwafanya wagonjwa wapoteze nguvu ya dawa bila kujua. Daktari mzuri hatakufokea kwa hilo.

5. Jifunze kutunza pumzi

Hili ndilo linalotisha kuliko yote, na ndilo ambalo mbinu ndogo za mikono mitupu husaidia zaidi.

Kwanza, usikubali jibu la "ni saratani tu" kila unapokosa pumzi. Inaweza kuwa majimaji yamejaa kuzunguka pafu, damu imeganda kwenye mshipa wa pafu, nimonia, upungufu wa damu, njia ya hewa imebanwa, au pafu limevimba kwa sababu ya dawa. Kila kimojawapo kina tiba yake. Majimaji, kwa mfano, hutolewa kwa sindano au mrija, na mtu huweza kuingia hana pumzi akatoka anaongea sentensi nzima. Yakirudi, kuna njia ya kugandisha utando wa pafu na ule wa kifua kwa unga wa talki ili maji yasipate nafasi, au kuachiwa mrija mdogo unaotolewa maji nyumbani.

Pumzi ikikata, kaa ukingoni mwa kiti, nyayo zote chini. Weka mto mezani, egemea mbele, viwiko juu ya mto, mabega yalegee. Vuta hewa taratibu kwa pua. Itoe kwa midomo iliyobanwa, kama unayepuliza mshumaa usitake uzimike, na kutoa kuchukue mara mbili ya muda wa kuvuta. Usihangaike kuvuta nyingi. Hangaika kutoa, hewa itaingia yenyewe.

Kisha chukua feni ndogo ya mkononi, ishike karibu sentimita 15 kutoka usoni, upepo upige pua na mdomo wa juu. Neva za uso huuambia ubongo kwamba hewa inakuja, na hofu hupungua. Oksijeni ya mtungi huwafaa wale ambao kipimo cha damu kinaonyesha imepungua. Kama kipimo ni cha kawaida, haijaonekana kuwa bora kuliko hewa ya kawaida inayopulizwa puani.

Kwa mlezi: kaka yangu alikuwa akiamka saa nane usiku akitweta. Mimi nilikuwa nikirukaruka chumbani, nawasha taa, nafungua madirisha, nauliza "nikuletee nini?" Alikuwa akiinua kiganja kunizuia, maana kunijibu kulimgharimu pumzi. Muuguzi mmoja akanifundisha: kaa ubavuni, usiulize kitu, weka mkono katikati ya mabega yake, wewe mwenyewe pumua kwa sauti, polepole. Dakika tano hivi, pumzi yake ilikuwa inaanza kuifuata yangu. Tulikubaliana ishara: kidole kimoja feni, viwili dawa, kiganja wazi nyamaza tu.

Kama hayo hayatoshi, dozi ndogo ya mofini hupunguza hisia ya kukosa pumzi. Daktari au watu wa tiba shufaa ndio wapange kiasi.

6. Usivumilie maumivu

Maumivu ya kila wakati hutulizwa kwa dawa ya saa maalumu, si ya kungoja mpaka yashike. Omba pia dozi ya ziada kwa ajili ya yale yanayoibuka ghafla. Mofini inayopangwa na daktari kwa maumivu ya saratani kwa kawaida haimfanyi mtu kuwa mteja wa dawa za kulevya, wala haimaanishi umekata kamba. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kwa kawaida hupita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile mofini inapoanza. Sisi tulisubiri, akateseka siku tisa kwa jambo lililokuwa rahisi kuzuia.

Maumivu ya mfupa mmoja uliovamiwa, uliza kuhusu mionzi. Mara nyingi kikao kimoja kinatosha kuleta nafuu, japo nafuu yenyewe huchukua siku au wiki kadhaa kufika.

7. Nguvu na chakula

Uchovu wa ugonjwa huu hauishi kwa kulala. Chagua saa mbili za siku ambazo mwili una nafuu, uzipe jambo unalolipenda kabla ya lile la lazima. Oga ukiwa umekaa. Tembea kidogo kila siku, hata kama ni kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, kwa kuwa misuli isiyotumika huyeyuka upesi. Kula kidogo mara nyingi kunashinda sahani iliyojaa. Na nyinyi wa nyumbani, msigeuze kila tonge kuwa vita. Mwili wenye saratani iliyosambaa hupoteza hamu kwa sababu za kikemia, haukatai mapenzi yenu.

8. Dalili zisizongoja asubuhi

Bandikeni hizi mlangoni. Yeyote aliyemo ndani azijue.

- Joto la 38 au zaidi kwa anayepata kemo, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Chembe nyeupe ziko chini wakati huo, na maambukizi huweza kuua ndani ya saa chache. Usimeze dawa ya kushusha homa ukasubiri. Nenda.
- Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Uti wa mgongo unabanwa. Ukichelewa, miguu haitarudi.
- Uso na shingo kuvimba, mishipa ya kifua kutokeza, hasa asubuhi.
- Kukohoa damu zaidi ya michirizi.
- Pumzi kukata ghafla, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Kichwa kuuma sana pamoja na kutapika, degedege, kuchanganyikiwa, au upande mmoja wa mwili kulegea.
- Kiu isiyoisha, kufunga choo na usingizi usio wa kawaida: huenda madini ya kalsiamu yamepanda kwenye damu.
- Kwa aliyepata tiba ya kinga: kuharisha, kikohozi kipya, macho kuwa ya njano, udhaifu wa ajabu. Yanaweza kujitokeza hata miezi baada ya dozi ya mwisho. Mwambie daktari wa zamu mlangoni kabisa, "Amepata tiba ya kinga," maana tiba yake ni tofauti na ya kuharisha kwa kawaida.

9. Dawa ikiacha kufanya kazi

Vidonge vya jeni hufanya kazi vizuri, kisha, kwa wengi, seli hujifunza njia nyingine. Ikitokea, usiseme "imeshindikana" kabla ya kuuliza mambo mawili. Je, imekua kila mahali au sehemu moja tu? Ikiwa moja, huenda ikapigwa mionzi na dawa ikaendelea. Je, inafaa kukata kinyama upya? Seli zinaweza kuwa na hitilafu mpya yenye dawa yake, na kwa baadhi ya wenye EGFR hugeuka kuwa za seli ndogo, ambazo zinahitaji tiba tofauti kabisa. Zilizofika ubongoni nazo zina njia zake: mionzi inayolenga doa lenyewe, na vidonge kadhaa vipya vinavyofika huko.

Itafika pia siku ambayo tiba inayofuata itachukua nguvu nyingi kuliko inayorudisha. Kuisimamisha siku hiyo si kushindwa. Muulize daktari waziwazi: "Ukinipa hii, unatarajia inipe nini, na itaninyima nini?"

10. Sema unachotaka ukiwa na sauti

Chagua mtu mmoja wa kukusemea iwapo hutaweza. Mwambie ungependa kuwa wapi mwishoni, nyumbani au hospitali, mashine zipi unakubali na zipi hutaki, nani awepo, nani asiwepo. Liandikeni. Watu huogopa kwamba kulitaja ni kulialika. Kwetu ilikuwa kinyume. Kaka yangu alizungumza yote jioni moja, nusu saa hivi, mimi nikiandika kwenye lile daftari. Alipomaliza akaniomba nisome nilichoandika, akasahihisha mahali pawili, akasaini. Kisha akauliza picha ya CT ijayo ni lini. Ilikuwa Jumanne. Akasema basi Jumatatu asubuhi atakwenda kazini, ili asikae nyumbani akiihesabu.